Doa Jekundu la Bonde la Juu

Mchora ramani, ambaye ofisi nzima ilimwita Macho kwa sababu ya miwani yake minene, alisogeza kiti pembeni ili Mkaguzi aone vizuri. Kisha akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu kabisa ya doa jekundu.

"Hapa, mama. Hekta mia mbili na kumi na mbili. Mwaka jana ni msitu, mwaka huu hakuna kitu. Na mlinzi wa kituo hiki anaandika miezi saba mfululizo kwamba hakuna mti hata mmoja uliokatwa."

"Aliandika," Mkaguzi alisema. "Marehemu haandiki."

"Haya, aliandika. Uongo ni ule ule."

Mkaguzi alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya. Alikuwa mwanamke wa makamo, miaka kumi na tisa katika idara ya misitu, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: hakuandika neno "mhalifu" popote mpaka awe amekanyaga mahali penyewe kwa miguu yake. Aliandika siku, Jumanne, na chini yake mambo matatu yaliyokuwa kwenye jalada la kesi. Doa kwenye ramani. Ripoti saba zenye neno "hakuna". Na nyundo ya alama, ile inayogonga namba ya kituo kwenye gogo ili lipite vizuizini kihalali, ambayo haikuonekana tena tangu mlinzi alipofariki miezi mitatu iliyopita.

Kamati ilikuwa ikae Ijumaa. Kama doa lingebaki jekundu, jina la mlinzi lingeingia kwenye rejista ya watumishi wezi, na mjane wake angepewa siku saba kuhama nyumba ya kituo aliyoishi miaka ishirini na sita.

"Nionyeshe lilivyoanza," alisema.

"Nini?"

"Doa. Setilaiti inapita juu ya lile bonde kila baada ya siku ngapi?"

"Tano. Ila kule mawingu hayaishi. Picha safi unapata moja au mbili kwa mwezi."

"Zilete zote, moja moja. Usinirukishe."

Macho alishusha pumzi kama mtu aliyetumwa dukani kwa mara ya tatu, lakini alizileta. Bonde lilikuwa kijani kibichi. Picha iliyofuata, kijani bado. Wingu. Wingu. Kisha kijani kilichofifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kisha manjano. Kisha kijivu, bonde zima, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Simama hapo. Barabara iko wapi?"

"Huku chini. Kilomita nne."

"Mwizi wa mbao anaanzia wapi?"

"Karibu na barabara. Halafu anapanda kidogo kidogo."

"Na huyu wetu?"

Macho alirudisha picha nyuma, akazipeleka mbele, akazirudisha tena. "Ameanza kote," alisema taratibu.

"Hekta mia mbili na ushei kwa mpigo, bila njia hata ya toroli. Ana mikono mingapi?"

"Labda moto."

"Moto unaacha weusi. Umeona weusi?"

"Hapana."

"Mashine yako ya kusoma picha inapaita hapa nini?"

"Shamba. Shamba lililovunwa, lenye mabua makavu."

"Uliifundisha kutambua vitu vingapi?"

"Vinne. Msitu, shamba, maji, makazi."

"Na ikikutana na cha tano?"

Macho alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Inachagua kile kinachofanana nacho zaidi. Haijui kusema sijui."

"Basi itapandishwa cheo upesi," Mkaguzi alisema, akafunga daftari.

*

Kiwanda cha mbao kilikuwa nyuma ya soko. Mwenye kiwanda, mzee mnene aliyejulikana kwa jina la Msumeno, alimpokea kwa mikono miwili na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Karibu, dada yangu! Leo umekuja kunifunga au kununua kitanda?"

"Inategemea magogo yako."

"Basi pita uyaulize mwenyewe. Mimi nisije nikakuharibia."

Alipita. Aliyahesabu kwa fungu, akainama kwenye kila gogo kutafuta alama ya nyundo. Kwenye fungu la nne aliikuta: namba kumi na saba. Hiyo ndiyo ilikuwa nyundo ya marehemu. Magogo thelathini na moja, yote kumi na saba, yamepangwa vizuri karibu na lango kama yanayosubiri lori.

"Haya yametoka wapi?"

"Shamba la miti la serikali, kule chini. Kibali kipo." Msumeno alipiga kelele kuelekea ofisini na karani akaja mbio na faili. Kibali kilikuwepo. Mkaguzi alipima unene wa magogo kwa kamba, akalinganisha na kibali, akaangalia tarehe. Mlinzi alikuwa ameyagonga wiki mbili kabla ya kufa, na idadi ililingana, thelathini na moja kwa thelathini na moja.

Alisimama, akanyoosha mgongo. Njia hiyo ilikuwa imeishia ukutani.

"Niambie kitu kingine," alisema. "Kutoka bonde la juu umeshawahi kupata mti?"

Msumeno alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Bonde la juu? Dada, nikafuate nini kule, vijiti vya kuchokolea meno? Kule ni mianzi mitupu. Mti wa mbao huupati hata ukiutafuta kwa tochi."

Mkaguzi alimtazama. "Mianzi."

"Mianzi. Nani hajui?"

Ramani ya idara haikujua. Ramani iliandika "msitu" na kunyamaza. Mkaguzi alifungua daftari palepale, akiwa amesimama katikati ya vumbi, akaliandika neno hilo na kulipigia mstari.

"Na yule mzee, marehemu," Msumeno alisema, sauti yake ikiwa imeshuka. "Miaka yote hiyo hakuwahi kunywa hata chai yangu. Nilikuwa namwambia, mzee, chai tu hii, haina kibali. Anasema, leo chai, kesho maziwa, keshokutwa utaniuliza nyundo. Msimuandike vibaya."

*

Jumatano asubuhi alikuwa masjala, chumba kirefu chenye rafu za chuma na harufu ya karatasi za zamani. Mtunza masjala, mama mfupi mwenye sweta na rula mfukoni, alimfungulia ripoti saba kwenye kompyuta. Karatasi zenyewe hazikuwepo.

"Tulizipiga picha, tukazirudisha vituoni," alieleza. "Wakubwa walisema masjala ya kisasa haina karatasi. Mimi nikasema sawa, na panya wa kisasa nao wataenda wapi?"

Mkaguzi alisoma. Fomu ilikuwa na safu nne: miti iliyokatwa, moto, wavamizi, wanyama waliouawa. Mlinzi alikuwa amejaza kila safu kwa mwandiko wa herufi za kusimama, kama mtoto anayeogopa mwalimu: hakuna, hakuna, hakuna, hakuna. Alisoma ya kwanza mpaka ya saba. Kisha akarudia, safari hii akiangalia karatasi badala ya maneno.

"Ongeza giza kidogo."

"Giza gani tena?"

"La picha. Iwe nyeusi zaidi."

Mtunza masjala alibonyeza. Mandhari nyeupe ya karatasi iligeuka kijivu, na ndani ya kijivu kile, kati ya safu tupu, ikatokea mistari iliyofifia. Ilikuwa mistari ya mwandiko uliogeuzwa, kama unaosomwa kwenye kioo.

"Uchafu wa mashine," alisema mtunza masjala.

"Uchafu hauandiki kwa mistari. Hii ni wino wa upande wa pili." Mkaguzi alimgeukia. "Mlipiga picha pande zote mbili?"

Mama yule alitoa rula mfukoni, akairudisha.

"Fomu ina upande mmoja," alisema hatimaye. "Upande wa nyuma hauna kitu. Nani angegeuza?"

"Ripoti zote saba?"

"Mwanangu," mtunza masjala alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu aliyekanyaga kitu gizani, "ripoti zote za vituo vyote. Miaka minne."

*

Alhamisi asubuhi alifika kituoni. Nyumba ilikuwa ya mabati, imepakwa rangi ya kijani iliyobanduka, na nyuma yake kulikuwa na kishamba cha mahindi. Mjane alikuwa mlangoni kabla gari halijazima. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yake, kwenye msumari, koti la mvua la mumewe lilikuwa bado limening'inia, na chini yake buti mbili zimeelekezwa mlangoni.

"Umeleta barua ya kunifukuza?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuuliza."

"Wote mnauliza. Siku ya msiba walikuja wanaume watatu nisiowajua. Waliuliza nyundo kabla hawajasema pole."

Mkaguzi alikuwa bado nje, mguu mmoja kwenye ngazi. "Pole, mama," alisema. "Mimi sijaja na swali la nyundo. Nimekuja kuuliza karatasi. Zile alizokuwa akijaza kila mwezi."

Mjane alimtazama kwa muda mrefu kuanzia viatu mpaka usoni. Viatu vilikuwa na tope, na labda hilo lilisaidia. Akasogea pembeni.

Zilikuwa ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Mkaguzi aliziweka mezani. Hakusoma mbele. Aligeuza ya kwanza.

"Mianzi yote ya bonde la juu imetoa maua," mlinzi alikuwa ameandika. "Katika miaka ishirini na sita sijaona jambo hili. Fomu haina mahali pa kuliandika, kwa hiyo naliandika hapa."

Ya pili: "Mbegu zinaanguka kama mvua. Ndege ni wengi, na panya pia."

Ya tatu: "Majani yamekuwa manjano. Nadhani mianzi inakufa. Haijakatwa. Narudia, haijakatwa."

Ya nne: "Imekauka yote. Nimetembea siku tatu, sikuona kisiki kimoja."

Ya tano: "Chini ya mikavu kuna majani membamba kama nyasi. Sio nyasi. Ni watoto wake."

Ya sita: "Naomba mtu wa ofisi aje aone, mwenye kamera kama inawezekana."

Ya saba, mwandiko ukiwa umelegea kidogo: "Miche imefika kwenye kifundo cha mguu. Naendelea kuomba mtu aje."

Chini ya kila moja kulikuwa na mstari uliochorwa kwa rula, na mbele ya mstari maneno mawili: Imeonwa na. Mistari yote saba ilikuwa mitupu.

Mjane alikuwa amesimama nyuma ya kiti. "Kila mwezi alikuwa anauchora huo mstari," alisema. "Anaazima rula kwa mtoto wa jirani. Ninamwambia, baba, hawasomi hao. Ananiambia, mama watoto, kama hawasomi basi siku wakisoma wasikose mahali pa kuweka saini." Alimsogezea kalamu. "Haya. Weka wewe. Si umesoma?"

Mkaguzi alishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Imeandikwa 'imeonwa', mama, haikuandikwa 'imesomwa'. Nitaweka saini kwa kitu nilichokiona."

Kwa mara ya kwanza mjane aliachia tabasamu dogo la upande mmoja. "Umefanana naye kwa ubishi," alisema. Aliingia jikoni, na Mkaguzi akasikia kifuniko cha pipa kikifunguliwa. Alirudi na kitu cheupe mkononi, akakigonga ukingoni mwa meza, unga ukaruka, na chini ya unga ikatokea chuma. Namba kumi na saba.

"Miezi mitatu imelala kwenye unga. Ningewapa wale watatu, saa hizi kila gogo la wizi lingekuwa linapita kwa jina la mume wangu. Ichukue. Na uniandikie kwamba umeichukua."

Mkaguzi aliandika, akasaini, akampa nakala. Mjane aliikunja akaiweka ndani ya kopo la biskuti. Kisha akavaa zile buti zilizokuwa chini ya koti. Zilikuwa kubwa kwake, akazijaza vitambaa.

"Twende," alisema. "Kama mguu wako si wa ofisini."

*

Walipanda kwa saa mbili na nusu. Bonde lilipofunguka mbele yao, Mkaguzi alisimama. Mianzi iliyokufa ilikuwa imesimama kwa maelfu, kijivu, mikavu, vichwa vimeegemeana, na upepo ulipopita ikagongana kwa sauti ya vyombo vinavyopangwa mezani. Hiki ndicho setilaiti ilichokuwa ikikiona kutoka juu, na kukiita mabua ya shamba.

Alitafuta visiki. Alitafuta njia za kuburuta, makaa, makopo, chochote ambacho watu huacha. Alizunguka saa nzima na hakupata kitu. Shina baada ya shina lilikuwa zima kuanzia mzizi, halikuguswa na panga. Mianzi ilikuwa imechanua mara moja tu maishani mwake, kama ilivyo kawaida yake, kisha ikafa yenyewe.

"Unaangalia juu tu kama hiyo setilaiti yenu," mjane alimwambia. "Inama."

Aliinama, akatenganisha majani makavu kwa mikono miwili. Chini, kila mahali, mpaka macho yalipofika, kulikuwa na kijani. Miche ilikuwa imesongamana kama nywele. Mjane alisimama katikati yake, na ilimfika magotini.

"Aliandika kifundo cha mguu," Mkaguzi alisema.

"Ndiyo. Hayo yalikuwa miezi mitatu iliyopita."

Mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja tu, na mjane alilijua. Ndipo mumewe alipokuwa akisimama kumpigia. Mkaguzi alipanda na simu na kifaa cha kupimia mahali.

"Macho, andika. Nakupa kitu cha tano."

"Nipe, mama."

"Mianzi iliyokufa imesimama, na miche chini yake. Nitakupa pointi arobaini, na picha ya kila pointi. Ifundishe mashine yako, halafu uipitishe upya kwenye bonde lote."

Walitembea mpaka jua lilipoegemea upande wa pili, mjane mbele, Mkaguzi nyuma. Kila baada ya hatua mia moja walisimama, wakapima, wakapiga picha mara mbili: moja juu, moja chini. Kwenye pointi ya kumi na tisa mjane alianza kuzihesabu yeye mwenyewe kwa sauti. Walizituma zote kutoka juu ya lile jiwe, wakakaa, wakasubiri. Walikula viazi vya kuchemsha vilivyokuwa mfukoni mwa mjane.

Simu ililia.

"Mama," Macho alisema, na sauti yake haikuwa ile ya Jumanne. "Limeondoka. Doa lote limeondoka. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea."

"Lote?"

"Imebaki nukta moja nyekundu, chini kabisa, karibu na nyumba ya kituo. Nusu ekari hivi. Hapo palikatwa kweli, mistari imenyooka kabisa."

Mkaguzi alimgeukia mjane. "Anasema kuna nukta imebaki karibu na nyumba. Mistari imenyooka."

"Mwambie huyo kwamba hayo ni mahindi yangu," mjane alisema kwa sauti kubwa ili simu isikie. "Na mistari imenyooka kwa sababu najua kulima. Au nayo mtanifungulia kesi?"

Upande wa pili Macho alicheka, kisha akakohoa kama mtu anayeona haya. "Mwambie mama anisamehe," alisema. "Nilimwita mzee mwongo."

"Mwambie mwenyewe. Nampa simu."

Aliporudishiwa simu, akiwa bado juu ya jiwe, Mkaguzi alipiga namba ya mwenyekiti wa kamati, akamweleza kwa sentensi saba, bila kuongeza chumvi. Mwenyekiti aliuliza swali moja: hizo karatasi zina saini ya ofisa aliyefika mahali penyewe?

"Zitakuwa nazo ndani ya dakika tano."

"Basi Ijumaa hiyo kesi haimo. Mjane abaki alipo. Na mwambie mtunza masjala aanze kugeuza karatasi."

"Ameshaanza, mzee. Tangu jana mchana hajaenda nyumbani kula."

Mkaguzi alitandaza ripoti saba juu ya jiwe, nyuma zikiangalia juu, akaziwekea kokoto zisipeperuke. Aliweka saini kwenye mstari wa kwanza, na tarehe. Kisha wa pili. Mjane alikuwa amechuchumaa kando yake, akiondoa kokoto moja moja kila saini ilipokauka, na kupanga karatasi kifuani.

Kwenye ya saba, Mkaguzi aliandika jina lake lote, sio herufi za kwanza kama alivyozoea ofisini. Mjane aliipokea, akaipuliza wino, akaisoma kwa kidole neno kwa neno mpaka mwisho wa mstari.

"Haya, baba," alisema kuelekea bondeni, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. "Wamekuja."

Kisha akafunga karatasi kwa kamba ya kiatu, akavuta buti zake kubwa, wakaanza kushuka.